Nyumba za Mawe

Kuna swali nililoulizwa na mtoto wa darasa la sita mwaka 1979, nami sikulijibu. Nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuoni na kupangiwa kazi wilayani Kilwa. Siku hiyo tuliwavusha wanafunzi kwa dau kutoka Kilwa Masoko mpaka Kisiwani ili wakayaone magofu. Tulizunguka Msikiti Mkuu na kuba zake, tukapita Gereza lililoko ufukweni, mwisho tukafika Husuni Kubwa, juu ya genge linalotazama bahari. Hapo nikawakusanya watoto kivulini nikawasomesha kama nilivyosomeshwa mimi: kwamba mji ule ulijengwa na Washirazi waliokuja kwa majahazi kutoka Uajemi, wakakinunua kisiwa kwa nguo, wakastawi, kisha wakatoweka. Binti mmoja mwembamba, ambaye darasani hakuwa msemaji, akanyosha mkono.

"Mwalimu," akasema, "na sisi tulikuwa wapi?"

Wenzake walicheka. Mimi nami nikacheka kidogo, nikasema maji yanakupwa, tuwahi dau. Tukaondoka. Lakini kuna maswali ambayo ukiyakimbia hukufuata, na hilo lilinifuata kila nilipofungua kitabu cha historia mbele ya darasa.

Jibu lake nilikuja kulipata miaka 19 baadaye, tena mbali kabisa na bahari. Mwaka 1998 mdogo wangu alikuwa akifanya kazi Harare, akaniandikia niende kumtembelea. Nilipanda treni ya TAZARA mpaka Kapiri Mposhi, kisha mabasi, Lusaka, Chirundu, hadi Harare. Nilipokwisha kupumzika nikamwambia kwamba nisingependa kurudi nyumbani bila kuuona mji uliolipa taifa hilo jina lake. Tukaondoka alfajiri kuelekea kusini, mwendo wa kilomita zipatazo 300 mpaka Masvingo, na kutoka hapo kilomita kama 30 nyingine mpaka Zimbabwe Kuu.

Msomaji ambaye hajafika huko asifikirie gofu moja. Ni mji mzima, uliotawanyika katika eneo la zaidi ya hekta 700. Bondeni kuna Boma Kuu, ukuta wa mviringo wenye mzunguko wa mita zipatazo 250, unaofikia kimo cha mita 11 na unene wa mita 5 mahali ulipo mpana. Ndani yake kuna mnara wenye umbo la pia, wa mita kama 10, usio na mlango wala chumba ndani. Ni mawe matupu. Kati ya boma na kilima kuna kuta nyingine nyingi, ndogo ndogo, kama vitongoji. Na juu ya yote kuna kilima cha mwamba kinachoinuka mita 80 hivi kutoka bondeni, nacho kimejengwa kuta kati ya majabali, hata huwezi kutambua mara moja wapi imeishia kazi ya Mungu na wapi imeanza kazi ya mwanadamu.

Jambo lililonishangaza mimi, mtu wa pwani niliyezoea kuta za matumbawe na chokaa, ni kwamba hapo hapana chokaa. Hapana udongo wa kushikiza wala kitu chochote kati ya jiwe na jiwe. Mawe ni ya matale, ambayo katika nchi hiyo hubanduka yenyewe katika tabaka kwa joto la mchana na baridi ya usiku, na mtu akiongeza moto na maji hubanduka upesi zaidi. Waashi waliyapasua, wakayapanga safu juu ya safu, kila safu ikiingia ndani kidogo kuliko iliyo chini yake, na uzito wenyewe ukawa ndio saruji. Kuta hizo zina umri wa miaka 600 na zaidi, na nyingi bado zimesimama.

Aliyetuongoza alikuwa mzee wa makamo, mwenyeji wa vijiji vya karibu, aliyefanya kazi hapo miaka mingi. Mdogo wangu alimwita Sekuru, yaani Babu, kama desturi yao inavyotaka, nami nikafuata. Tulipanda kilima kwa njia ya kale, polepole. Mahali pengine njia hubana kati ya majabali mawili hata hupitwa na mtu mmoja tu, naye lazima aweke bega mbele. Nikasema, kwa kujionyesha kuwa nimesoma, "Kweli hii ilikuwa ngome. Adui asingepita hapa."

Sekuru akasimama, nadhani pia kwa ajili ya kuvuta pumzi. Akaniambia kuwa Wazungu wa kwanza walisema hivyo hivyo. Waliuita mlima huo ngome, wakaupa na jina la Kiyunani, Acropolis. "Lakini tazama vizuri," akasema. Akanionyesha kuta ambazo hazikufungana, zimeishia hewani. Akanionyesha kwamba hakuna matundu ya kurushia mishale, wala mahali pa mlinzi kusimama. Chini bondeni lile Boma Kuu lenye ukuta mnene namna ile lina milango ya wazi. "Ukuta huu," akasema, "haukujengwa kwa sababu ya hofu. Ulijengwa ili mtu anayekuja kwa mfalme ajue anakwenda kwa nani."

Baadaye nilisoma na kuona kuwa wataalamu wengi wa mambo ya kale wanakubaliana naye. Juu ya kilima walikaa wakubwa, na palikuwapo mahali pa ibada. Upande wa mashariki ndiko walikookotwa wengi wa wale ndege waliochongwa kwa jiwe la sabuni, ambao leo mmoja wao yuko katika bendera ya nchi. Kuta zilitenga na kutukuza. Kati ya kuta hizo watu waliishi katika nyumba za udongo zilizoezekwa majani, nyumba za msonge ambazo bibi yangu angezitambua bila kuelezwa. Mvua na miaka vimezila nyumba, zikabaki kuta. Ndiyo sababu mgeni huona mawe akadhani mawe yalikuwa ndio mji.

Hapo juu, nikitazama bonde, mawazo yangu yalirudi Kilwa. Husuni Kubwa! Sisi nasi tuna jengo juu ya genge ambalo tumeliita husuni, na neno husuni maana yake ni ngome. Lakini Husuni Kubwa haikuwa ngome. Ilikuwa kasri ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yenye vyumba zaidi ya 100, uwanja wa wafanyabiashara, maghala, na birika la kuogea lenye pembe nane. Ngome ya kweli ni Gereza, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1505 na Waarabu wa Oman wakaijenga upya baadaye. Gereza lilijengwa na watu waliokuwa na hofu. Husuni Kubwa ilijengwa na mtu aliyekuwa na mali.

Na mali hiyo ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka huko huko nilikokuwa nimesimama.

Tulikaa juu ya jiwe kupumzika, tukaanza mchezo ambao Waafrika wa nchi mbalimbali wanaupenda wanapokutana. Nikamuuliza Sekuru, kwa lugha yenu moto ni nini? Akasema *moto*. Nyoka? *Nyoka*. Mbuzi? *Mbudzi*. Watu? *Vanhu*. Tukacheka. Kisha nikamuuliza maana ya jina la mji. Akasema kuwa wengi hulieleza kuwa ni *dzimba dza mabwe*. *Imba* ni nyumba, *dzimba* ni nyumba nyingi, *mabwe* ni mawe. Nyumba za mawe. Nilikaa kimya. Nilikuwa nimelitamka jina la nchi hiyo maisha yangu yote, katika hotuba za ukombozi na katika nyimbo za shule, bila kutambua kuwa karibu limo ndani ya lugha yangu mwenyewe.

Sasa nieleze kwa kifupi mji huo ulivyokuwa. Ulianza kukua katika karne ya 11 na ya 12, ukafikia kilele katika karne ya 13 na ya 14. Msingi wa utajiri wake ulikuwa ng'ombe, kama ilivyo kwa wafugaji wengi wa bara letu. Juu ya ng'ombe ikaja dhahabu, iliyochimbwa na kuchekechwa katika uwanda wa juu wa nchi hiyo, ikapelekwa mashariki hadi bandari ya Sofala katika Msumbiji ya leo. Zamani wataalamu walikadiria kuwa mji ulikuwa na watu hata 18,000. Wa siku hizi wanapunguza, wengine wanasema hawakuzidi 10,000 kwa wakati mmoja. Hata hivyo ulikuwa mji mkubwa kwa dunia ya wakati ule.

Sofala ilikuwa chini ya mkono wa Kilwa. Majahazi yalingoja pepo. Kaskazi iliwaleta wageni kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi iliwarudisha. Dhahabu ilipopita Kilwa ilitozwa ushuru, na kwa ushuru huo Kilwa ikajijenga. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika huko akakutana na al-Hasan bin Sulaiman mwenyewe, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Ibn Battuta akausifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri sana, naye aliitaja Sofala na dhahabu iliyofika huko kutoka ndani ya bara. Katika magofu ya Zimbabwe Kuu kumepatikana vyombo vya kauri vya China, bakuli la Uajemi, kioo cha Sham, na shanga kwa maelfu. Kumepatikana pia sarafu moja ndogo ya shaba ya Kilwa, yenye jina la huyo huyo al-Hasan bin Sulaiman.

Nakiri kwamba sarafu hiyo ilinigusa kuliko mnara. Shaba ile haikuwa na thamani kubwa kule bara, kwa hiyo huenda haikuletwa kununulia kitu. Labda ilidondoka mfukoni, labda mtu aliitunza kwa sababu ilikuwa na maandishi. Lakini ilitembea. Ilitoka mlangoni kwetu ikafika mlangoni kwao, na mikono iliyoibeba ilikuwa ya watu weusi, wachukuzi na wachuuzi, ambao hakuna kitabu kilichoandika majina yao.

Kufikia katikati ya karne ya 15 mji ulihamwa. Sababu huenda zilikuwa nyingi kwa pamoja: malisho yaliyochoka, kuni zilizokwisha, na biashara ya dhahabu iliyogeuka kuelekea kaskazini, kwenye bonde la Zambezi. Masimulizi ya Washona yanamtaja Nyatsimba Mutota, aliyeondoka kwenda kaskazini kutafuta chumvi, na huko ukazaliwa utawala wa Mwene Mutapa. Upande wa magharibi ukastawi mji wa Khami, karibu na Bulawayo ya leo, ukiwa na kuta za mawe vile vile, tena zenye nakshi zaidi. Kwa hiyo mji ulihamwa, lakini ujenzi haukufa. Waashi waliondoka na kazi yao mikononi. Na hata mahali penyewe hapakusahauliwa. Watu wa karibu waliendelea kupanda kilimani kwa matambiko yao.

Hasara ya kweli ilikuja baadaye, nayo ilikuja na kalamu.

Mwaka 1552 Mreno João de Barros, ambaye mwenyewe hakufika, aliandika habari alizozipata kutoka Sofala juu ya ngome ya mawe makubwa yasiyo na chokaa, inayoitwa Symbaoe. Wenyeji, aliandika, walisema ni kazi ya shetani, maana wao wasingeweza. Mwaka 1871 Mjerumani Karl Mauch alifika akaiona kwa macho yake. Alikata kipande cha mbao ya mlango, akakinusa, akaona kinanukia kama penseli yake. Penseli yake ilikuwa ya mwerezi. Basi mbao hiyo ni mwerezi wa Lebanoni. Basi jumba ni la Malkia wa Sheba. Msomaji asicheke. Hoja hiyo, iliyosimama juu ya harufu ya penseli, iliishi karibu miaka 100. Na mbao yenyewe ilikuwa ya mti wa huko huko.

Mwaka 1889 mwindaji Willi Posselt alipanda kilimani, akamng'oa ndege mmoja wa mawe kutoka kwenye nguzo yake, na kwa sababu wenyeji walikasirika, akawapa mablanketi na vitu vingine. Ndege huyo akafika kwa Cecil Rhodes, akawekwa katika nyumba yake ya Cape Town, naye alikaa humo zaidi ya karne moja. Mwaka 1890 kampuni ya Rhodes iliingia nchini humo kwa bunduki. Mwaka uliofuata Rhodes aligharimia uchunguzi wa Theodore Bent, aliyetoa kitabu mwaka 1892 akisema kuwa wajenzi walikuwa watu wa kale kutoka Arabuni, jamaa wa Wafoinike. Unaona faida yake. Ikiwa weupe, au karibu weupe, walikuwa hapo kwanza wakachimba dhahabu, basi Rhodes hakuteka, alirudi kwake. Mtu mweusi akawa ndiye mgeni katika nchi ya baba yake.

Kisha akaja Richard Hall, aliyewekwa kuwa mtunzaji wa magofu mwaka 1902. Huyu alichimba na kutupa nje udongo wa ndani ya maboma, mahali pengine kwa kina cha mita nzima na zaidi, akisema anaondoa takataka za Waafrika ili wajenzi wa kale waonekane. Takataka hizo ndizo zilizokuwa ushahidi: sakafu za nyumba, vyungu, majivu ya mafiga, mifupa ya ng'ombe. Alisomba mji akautupa, ili autafute mji. Mimi ni mwalimu, na sijapata mfano ulio bora zaidi wa kufundishia maana ya upofu.

Haki inataka tuseme pia kuwa Wazungu wengine walisema kweli, na mapema. Mwaka 1905 David Randall-MacIver alichunguza akatamka kuwa kazi ni ya Waafrika, na ni ya zama za kati. Walowezi walighadhibika. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson alichimba sehemu ambazo hazijaharibiwa, akasema vile vile. Kuta zenyewe zinasema: za mwanzo zimefuata mwamba, mawe hayalingani, za baadaye zimenyooka, mawe yanalingana safu kwa safu. Hao ni watu waliokuwa wakijifunza kazi hapo hapo, baba akimfundisha mwana. Fundi aliyetoka mbali na ufundi wake tayari angeanza na ukuta ulio bora.

Hata hivyo, baada ya serikali ya walowezi kujitangazia uhuru mwaka 1965, ukweli huo ukawa hatari. Peter Garlake, mkaguzi wa serikali wa majengo ya kale, aliyesimamia kuwa Zimbabwe Kuu ni kazi ya Waafrika, aliandamwa mpaka akaihama nchi mwaka 1970. Na hapa nitaje jambo ambalo watu wa pwani wangependa kulijua: Garlake huyo huyo, kabla ya kukumbwa na hayo, alikuwa amesoma na kuandika juu ya majengo yetu ya kale ya pwani, kitabu chake cha misikiti na majumba hayo kilitoka mwaka 1966.

Tuliteremka kilimani jua likiinama. Sekuru alituonyesha kwa mkono upande wa vijiji vya watu wake, nje ya uzio. Akasema kwamba zamani wazee walipanda bila kumwuliza mtu; kisha serikali ya kikoloni ikawazuia, na hata baada ya uhuru wa mwaka 1980 waliambiwa kuwa sasa ni mali ya taifa, na baada ya mwaka 1986, mali ya ulimwengu. "Ni vizuri," akasema, "lakini babu yangu hakuwa ulimwengu. Alikuwa babu yangu." Sikuwa na la kumjibu. Ndege nao walikuwa wameanza kurudi. Wanne walirudi kutoka Afrika Kusini mwaka 1981, wakabadilishwa na mkusanyo wa nyuki, nyigu na siafu uliokuwa katika jumba la makumbusho la Zimbabwe. Kipande cha ndege mwingine, kilichowahi kufika Berlin na kuchukuliwa na Warusi wakati wa vita vya pili vya dunia, kilirudi mwaka 2003, miaka mitano baada ya safari yangu.

Njiani kurudi Harare mdogo wangu alilala. Mimi sikulala. Nilikuwa nimewakasirikia Mauch na Hall mchana kutwa, na sasa ghadhabu ilikuwa imenigeukia. Maana mimi niliwasimamisha watoto wa Kilwa mbele ya kuta za babu zao nikawaambia kuwa ni kazi ya wageni. Sikuwa na nia mbaya, wala hakuna aliyenilipa. Nilirudia tu nililofundishwa. Lakini uongo wa Zimbabwe nao, kwa miaka mingi, ulienezwa zaidi na watu wasio na nia mbaya.

Tena nilikuwa na jibu mdomoni mwangu. Nilisema Washirazi walikinunua kisiwa kwa nguo. Walikinunua kwa nani? Habari za kale za Kilwa, kama wazee wanavyozisimulia, zinamtaja: ni Mzee Mrimba, mwenye nchi. Alimpa mgeni kisiwa kwa nguo za kukizunguka, na binti yake akaolewa na mgeni huyo. Masimulizi yenyewe hayakumficha Mrimba wala binti yake. Niliyewaficha ni mimi, kwa kuharakisha hadithi.

Siku hizi elimu imeongeza lake. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza matokeo ya kuchunguza mifupa iliyozikwa katika miji ya kale ya pwani, kuanzia upande wa Lamu hadi Kilwa na Songo Mnara. Wakakuta damu mbili zilizoanza kuchanganyika miaka 1,000 hivi iliyopita: upande wa kina baba ikionekana zaidi asili ya Asia, hasa Uajemi, na upande wa kina mama, Afrika. Nilipoyasoma nilimkumbuka binti Mrimba. Wazee wetu hawakusema uongo waliposema Shirazi, nami sitaki kuwavua watu nasaba yao ili nishinde mabishano. Baba alikuja kwa jahazi. Lakini mama alikuwepo, na wajomba walikuwepo, na lugha iliyozungumzwa nyumbani ilikuwa ya mama. Ndiyo hii ninayoandikia.

Hiyo ndiyo tofauti niliyojifunza. Mgeni kuwa na sehemu katika jengo hakumnyang'anyi mwenyeji sehemu yake. Kinachomnyang'anya ni yule msimulizi anayeanza hadithi siku mgeni aliposhuka ufukweni, kama kwamba kabla ya siku hiyo ufukwe ulikuwa mtupu. Mji ukihamwa si msiba. Watu huhama, huenda wakajenga kwingine. Dhahabu ikienda pia si mwisho. Vasco da Gama alipoitoza Kilwa kwa nguvu mwaka 1502, dhahabu hiyo ilikwenda Ureno ikafuliwa chombo cha kanisa kilichokamilika mwaka 1506, na hadi leo watu huenda kukitazama Lisbon. Kimepotea kwetu, lakini kinajulikana kilikotoka. Msiba ni pale mtoto anaposimama mbele ya ukuta wa babu yake na kujiona mtalii.

Nilistaafu miaka mingi iliyopita. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1981, yaliwekwa mwaka 2004 katika orodha ya yaliyo hatarini, na baada ya kazi kubwa ya kuyakarabati, yakaondolewa mwaka 2014. Nilipokwenda wakati wa ukarabati niliwakuta vijana wa kisiwani wakichoma chokaa kwa matumbawe na kuni, wakiziba nyufa kama mafundi wa kale walivyofanya. Nilikaa nikawatazama mpaka maji yakaanza kukupwa.

Yule binti sijui aliko. Kama yu hai ni mama mtu mzima, huenda ni bibi, na huenda amelisahau swali lake. Mimi sijalisahau. Namwomba radhi kwa kuchelewa, na jibu lake ni hili: mwanangu, mlikuwa hapa hapa. Mlikuwa wenye nchi mliopokea nguo, na binti aliyeolewa, na mlikuwa mnachoma chokaa, mnakata boriti, mnabeba matumbawe kutoka majini. Na mbali kule bara, wenye lugha iliyo ndugu na yenu walikuwa wakipanga jiwe juu ya jiwe.